Kadi Si Ufunguo, na Hizi Seti za Arduino Zinatudanganya

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, samahanini. Sikuwa mgonjwa, wala sijapata kazi ng'ambo. Nimekuwa nikibishana na kijana mmoja kuhusu mlango, na kwa kuwa ubishi wenyewe haujaisha, nimeamua kuuandika wote hapa nipumue.

Kijana ni jirani yetu, yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea kompyuta kama nilivyosomea mimi. Alinunua seti ya kuanzia ya Arduino pale Luthuli Avenue, ile inayokuja kwenye sanduku la plastiki lenye vyumba vidogo vidogo: bodi ya Uno, kisomaji cha kadi, kadi moja nyeupe, kidude kimoja cha buluu cha kutundika kwenye funguo, mota ndogo, vitufe vya namba, rilei, na nyaya za kila rangi. Jumamosi akaunganisha, Jumapili akaniita nikaone. Akagusisha kadi, taa ya kijani ikawaka, mota ikazunguka, komeo la mbao alilolichonga mwenyewe likarudi nyuma. Nilipiga makofi, sisemi uongo. Halafu akaniambia, "Kaka, mjomba amekubali. Naweka hii kwa ploti yake, nyumba ishirini na nne, pamoja na geti."

Makofi yakaishia hapo.

Nianze kwa kusema simlaumu yeye. Mimi nilitengeneza kitu hicho hicho nikiwa chuoni, kwa bodi hiyo hiyo, na nilijiona nimegundua umeme. Ninaolaumu ni wanaouza hizi seti pamoja na yale masomo yanayoambatana nazo. Somo la "mlango usio na ufunguo" huwa limefika mwisho pale mlango unapofunguka. Picha, makofi, somo linalofuata ni la kipima joto. Hakuna ukurasa hata mmoja unaouliza mlango huu utamkataa nani. Lakini kitasa kazi yake ni kukataa! Kufunguka hata boksi la karatasi linafunguka.

Tuangalie kinachofanyika ndani. Kisomaji cha kwenye seti kwa kawaida kina chipu ya MFRC522, kinachozungumza na kadi kwa mawimbi ya megahazi 13.56. Kadi nyeupe ni MIFARE Classic ya kilobaiti 1, au nakala yake ya bei rahisi. Kila kadi ina namba yake, baiti 4. Somo linakwambia usome namba hiyo, uitazame kwenye kioo cha kompyuta, uinakili, uibandike ndani ya programu, kisha uandike: kadi ikija na namba hii, fungua, ikija na nyingine, piga king'ora. Basi. Huo ndio ulinzi wote.

Kijana alinipigia hesabu akijitetea. Baiti 4 ni biti 32, na biti 32 ni namba 4,294,967,296. "Nani atakisia namba moja kati ya bilioni nne, kaka?" Hakuna atakayekisia. Kwa nini ukisie kitu ambacho unaweza kukiuliza ukajibiwa? Kadi hiyo humtajia namba yake kisomaji chochote kilicho karibu, hata kabla ya siri yoyote kuzungumzwa. Ndivyo ilivyoundwa, maana namba ile ni ya kutofautisha kadi mbili zikiwa juu ya kisomaji kwa wakati mmoja. Ni jina. Mtu akipiga hodi, ukauliza "Nani?", akajibu "Ni mimi," je, umemfungulia? Sasa huyu hata hasemi ni mimi, anasema "Mimi ni nyumba namba tisa," na mlango unafunguka, kwa sababu kweli nyumba namba tisa ipo.

Na kunakili ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kuna kadi zinauzwa waziwazi mtandaoni ambazo namba yake inaweza kuandikwa upya. Unasoma kadi ya mtu, unaandika namba yake kwenye kadi yako, umemaliza. Kisomaji kinachohitajika ni kile kile cha kwenye seti.

Najua kwa sababu nimefanya. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na milango ya kadi, iliyowekwa na kampuni ya ulinzi kwa pesa nzuri tu. Sikudhani mfumo wa pesa namna hiyo unaweza kuwa sawa na mchezo wa seti. Nikamwomba bosi ruhusa, akacheka, akasema jaribu. Nilisoma kadi yake mwenyewe kwa kile kisomaji cha Luthuli, nikaandika namba kwenye kadi nyingine, nikaingia chumba cha seva mbele yake. Kahawa yake ilikuwa bado moto. Fundi wa ile kampuni alipoitwa aje aeleze, alinitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyevunja kikombe. "Kijana wangu, hivi ndivyo inavyowekwa kila mahali. Na watu wa nje hawajui hayo mambo." Watu wa nje hawajui! Watoto wa chuo wanafundishwa hayo na kijitabu cha kwenye sanduku.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kadi yenyewe ina kitu bora kuliko namba. MIFARE Classic ya kilobaiti 1 imegawanywa sehemu 16, na kila sehemu ina funguo zake mbili za siri za biti 48. Kisomaji na kadi vinaweza kuulizana maswali kwa kutumia siri hiyo. Ni kama yule wa nje aseme jina lake, halafu wewe wa ndani umuulize, "Jana tulikula nini?" na kesho umuulize jambo lingine, ili aliyejificha nyuma ya ua akasikia jibu la leo asiweze kulitumia kesho.

Tatizo ni kwamba hata hiyo siri ilishavunjwa. Desemba 2007, kwenye mkutano wa Chaos Computer Club jijini Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza jinsi walivyoipasua chipu, wakaipiga picha kwa hadubini, na kuanza kuisoma hesabu iliyofichwa ndani, inayoitwa Crypto1. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, wakaivunja kabisa. NXP, watengenezaji wa chipu, walikwenda mahakamani kuwazuia wasichapishe, na Julai 2008 mahakama ya Arnhem ikakataa kuwazuia. Wakati huo kadi hizo zilikuwa zikilipia nauli London na zikisambazwa kwenye usafiri wa Uholanzi. Haikuwa siri ya wachache.

Kwa hiyo tuna kadi ambayo kufuli yake ilivunjwa mbele ya dunia nzima tangu 2008, na masomo ya seti hayatumii hata hiyo kufuli iliyovunjika! Yanatumia jina lililoandikwa nje ya sanduku. Ndiyo maana ninasema zinatudanganya.

Najua jibu lenu, maana kijana alilitoa kabla yenu. "Kaka, mwizi wa Nairobi hanakili kadi. Anakuja na mtaimbo." Hoja nzuri, na kwa sehemu ni kweli. Mlango wa mbao laini wenye bawaba zilizoota kutu hauhitaji mtu aliyesoma kriptografia. Mwizi wa mtaimbo yupo na atakuwepo.

Lakini mtaimbo unaacha alama. Unarudi jioni, mlango umepasuka, majirani wanajaa, unakwenda kituo cha polisi, kila mtu anajua umeibiwa. Kadi iliyonakiliwa haiachi kitu. Mbaya zaidi, mjomba wa kijana alitaka mashine iweke rekodi: nani ameingia, saa ngapi. Hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote, maana amechoka na kesi za wapangaji. Sasa fikirieni. Kuna aliyehama mwezi uliopita lakini alishasoma kadi ya jirani yake. Anarudi saa nane mchana, anaingia, anachukua televisheni, anatoka. Rekodi itasema nini? Itasema kadi ya nyumba namba tisa, saa nane na dakika tano. Na kadi ya nyumba namba tisa mchana anayo dada wa kazi.

Mwambieni huyo dada akajitetee kwa mwenye ploti kwamba namba ya baiti 4 si ushahidi. Ataambiwa kompyuta haidanganyi. Atalipa kwa mshahara wake au atafukuzwa, na huenda akalala ndani. Ufunguo wa chuma una ubaya wake lakini haujawahi kumtaja mtu kwa jina. Sisi tunaojenga hizi mashine tunapaswa kukumbuka kwamba tukiandika rekodi tunatoa ushahidi juu ya watu, na kama ushahidi wetu ni jina ambalo yeyote anaweza kulitamka, basi tunatoa ushahidi wa uongo. Hapa kijana alinyamaza kidogo. Nadhani alikuwa na mtu akilini.

Na hata tukimwacha mnakili kadi, kuna mtu wa bisibisi. Seti inafundisha kuweka kila kitu pamoja: kisomaji, bodi, rilei, vyote kwenye kisanduku kimoja cha kupendeza, na kisanduku kinabandikwa nje ya mlango, maana huko ndiko kadi inakogusishwa. Vitasa vingi vya bei rahisi vya vitufe vimeundwa hivyo hivyo. Fungua skrubu mbili, tafuta nyaya mbili zinazokwenda kwenye komeo, zigusanishe. Umeingia, na hukuhitaji kadi ya mtu. Bodi na rilei vinatakiwa kuwa ndani ya nyumba, nje kibaki kisomaji peke yake. Jambo hilo halihitaji shilingi ya ziada ila waya mrefu kidogo (usiwe mrefu sana, MFRC522 haipendi nyaya ndefu), lakini sijaona michoro mingi ya kwenye seti inayokuonyesha ukuta uko wapi. Michoro haina ukuta!

Haya, tuje kwenye stima, maana hapa ndipo nilipomshinda.

Pini ya Uno haiwezi kusukuma komeo la umeme. Pini moja isizidi miliampea 20 kwa matumizi ya kawaida, na 40 ndiyo mwisho kabisa. Komeo la koili la volti 12 linataka mamia ya miliampea. Kwa hiyo unaweka rilei katikati, na dayodi sambamba na koili ili ule umeme unaorudi nyuma koili inapozimwa usiunguze kitu. Hayo kijana alikuwa nayo sawa, alishaachana na ile mota ya plastiki. Nikamwambia, "Chomoa adapta. Sasa chomeka."

Tak! Rilei ikabofya, komeo likavutwa, likaachiliwa. Hakuna aliyegusa kadi.

Akachomoa tena, akachomeka. Tak! Mara tano. Uso wake ulibadilika.

Ni hivi. Bodi nyingi za rilei zinazouzwa huwaka pini ikiwa chini, yaani kwenye volti sifuri. Arduino inapoamka, pini zake zote ni za kusikiliza tu. Programu ya somo kwanza inaita pinMode kuifanya pini iwe ya kutoa, na pini ikishafanywa hivyo inaanza ikiwa chini. Mstari unaofuata ndio unaoipandisha. Kati ya mistari hiyo miwili ni muda mfupi mno, lakini kijana alikuwa ameweka katikati maandalizi ya kisomaji na ujumbe wa kukaribisha kwenye kioo, kama somo lilivyoelekeza, pamoja na kusubiri nusu sekunde ili bwana asome "Karibu". Nusu sekunde inatosha kusukuma mlango. Maana yake kila stima inapopotea na kurudi, nyumba ishirini na nne zinafunguka kwa pamoja. Mwizi hahitaji chochote, akae tu karibu na swichi kubwa ya ploti, ambayo mara nyingi iko nje kwenye ukuta.

Dawa ni kugeuza mistari: digitalWrite ya juu kwanza, pinMode baadaye, kabla ya kitu kingine chochote. Mistari miwili. Lakini ni nani atakayeijua kama somo halijawahi kumwambia achomoe waya aone?

Na stima ikipotea isirudi? Hapa kuna njia mbili. Kitasa cha sumaku huachia umeme ukikatika, kwa hiyo giza likiingia geti liko wazi. Komeo la koili hubaki limefunga, kwa hiyo giza likiingia uko nje na mvua, au uko ndani. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha. Betri inasaidia kwa saa kadhaa, sawa, lakini moto haungoji betri, na moto wenyewe mara nyingi unaanza kwa kukata umeme. Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Ile ilikuwa kufuli ya kawaida isiyo na programu yoyote. Sasa sisi tunataka kuweka mabwenini na kwenye ploti zetu milango inayongoja kompyuta ndogo iamke, isome, ikubali. Aliye ndani asiombe ruhusa kwa mashine ili atoke. Aweke mkono kwenye mpini, azungushe, atoke, stima ikiwepo isiwepo. Kama huwezi kujenga hivyo, usijenge.

Sitaki mseme mimi ni wa kukatisha watu tamaa. Arduino naipenda. Ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa mainjinia, na imewafikisha watu wengi mbali. Mimi mwenyewe digrii yangu ilinipa mti wa kupanga namba wa aina saba na sikuwahi kushika waya hata mmoja. Seti ndiyo iliyonifundisha kwamba programu inaweza kusukuma kitu. Ninachopinga ni mahali pa kuanzia.

Ningekuwa ninaandika kile kijitabu, ningeanza na vitufe vya namba, ambavyo vimo humo humo kwenye sanduku na vinadharauliwa kwa kuwa havina miujiza. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000. Mtu akijaribu mmoja kila sekunde 2 anaimaliza yote kwa saa tano na nusu hivi, usiku mmoja tu. Sasa mfunze mwanafunzi aandike mistari michache: ukikosea mara 5, ngoja dakika 5. Hapo michanganyiko yote inachukua karibu siku saba, na mtu anayebofya mlango wako siku saba bila shaka soja atamwona. Kisha mwambie achomoe stima katikati. Hesabu ya makosa imerudi sifuri! Ndipo anajifunza kuihifadhi kwenye EEPROM, ile kumbukumbu ya baiti 1,024 ya Uno isiyofutika umeme ukikatika. Ndipo anagundua kwamba jirani mwenye chuki anaweza kukosea makusudi ili akufungie nje, na inabidi afikirie tena. Kila hatua ni swali la nani anakataliwa. Mwanafunzi wa namna hiyo akifika kwenye kadi, hataridhika na namba ya baiti 4. Atatafuta kadi za aina ya DESFire zinazotumia AES, atahangaika na maktaba za programu ambazo hazijakamilika, atalia kidogo, na atakuwa amejenga kitasa.

Rimoti za geti sizigusi leo. Niseme tu kwamba zile za megahazi 433 zenye chipu ya PT2262 zina misimbo 531,441 na msimbo ni ule ule kila ukibofya, kwa hiyo anayesikiliza mara moja anao milele. Samy Kamkar alionyesha mwaka 2015 kwamba magereji ya misimbo isiyobadilika yanaweza kufunguliwa kwa sekunde chache kwa kifaa alichokitengeneza kutokana na kidude cha watoto cha kutumiana ujumbe. Hasira ya rimoti nitaiweka akiba.

Tumefikia wapi na kijana? Mjomba bado anataka kadi, na tayari amekwisha nunua kadi hamsini. Kijana amekubali mambo matatu: mpini wa ndani usiotegemea umeme, bodi iwe ndani ya ukuta, na rekodi isiwe na majina ya wapangaji mpaka kadi zibadilishwe. Kuhusu namba ya kadi hajakubali. Anasema ataongeza vitufe kwa geti peke yake, nyumba zibaki na kadi, maana "wapangaji wazee hawatakumbuka namba". Nimemwambia wapangaji wazee wana funguo za chuma tayari na hawajalalamika. Amesema nitakuja Jumamosi tuijaribu mlango wa stoo ya mjomba, ambayo ndani yake kuna magunia ya saruji tu, kwa mwezi mmoja, kabla ya kugusa mlango wa mtu. Hilo wazo ni lake na ni zuri kuliko langu lolote.

Stima ilikuwa imepotea nikiandika haya, imerudi sasa hivi. Acha nikaangalie kama ile rilei ya mezani imebofya.